Linux Imegoma Kuwaka Baada ya Kusasisha Kerneli: Tazama Imesimama Wapi

Ulisasisha mfumo, ukaizima kompyuta, ukaiwasha, na sasa skrini ni nyeusi tii, au imejaa maandishi meupe yenye neno `panic` katikati. Kabla hujatafuta flashi ili usakinishe kila kitu upya, tulia. Sasisho la kerneli, yaani kiini cha Linux kinachoendesha vifaa, haligusi `/home`, kwa hiyo mafaili yako karibu kila mara yapo palepale ulipoyaacha. Kilichovunjika ni njia ya kuyafikia, na njia hiyo hutengenezeka.

Maelezo haya ni ya Linux, hasa Debian na Ubuntu, Fedora na Arch. Dai langu ni moja: kerneli mpya ndiyo inayolaumiwa, lakini mara nyingi haina kosa. Wakosaji ni vitu vinavyoizunguka. Initramfs imeandikwa nusu, `/boot` imejaa, draiva ya NVIDIA haikujengwa, GRUB inasoma orodha iliyopitwa na wakati.

Kuwaka kwa kompyuta ni mbio za kupokezana kijiti. Fimwea, programu iliyo ndani ya kompyuta yenyewe, iwe UEFI au BIOS, humkabidhi GRUB, programu inayopakia mfumo. GRUB hupakia mafaili mawili kutoka `/boot`: kerneli yenyewe (`vmlinuz`) na initramfs. Initramfs ni mfumo mdogo wa muda wenye draiva za kutosha kuiona diski. Diski ikishaonekana, mfumo halisi hufunguliwa, systemd, inayoanzisha huduma zote, hupokea, na mwisho hutokea skrini ya kuingilia. Ukijua kijiti kimeangukia wapi, umeshaondoa sababu nyingi mkononi. Wengi huanza kunakili amri ovyo kabla ya kujua hilo, na ndipo tatizo moja linapozaa matatu.

## Jaribu kerneli ya zamani kwanza

Ubuntu, Debian na Fedora hazifuti kerneli uliyokuwa ukiitumia pindi mpya inapoingia. Fedora kwa kawaida huweka tatu. Kikomo hicho ni `installonly_limit`. Washa mashine, na mara nembo ya mtengenezaji inapotokea bonyeza `Esc` kama ni UEFI, au shikilia `Shift` kama ni BIOS, mpaka menyu ya GRUB ije. Ukibonyeza `Esc` kupita kiasi utajikuta mbele ya `grub>`. Hujaharibu kitu: andika `normal`, bonyeza Enter, menyu itarudi. Ubuntu na Debian huziweka kerneli za zamani ndani ya `Advanced options`, Fedora huziorodhesha waziwazi. Chagua toleo lililotangulia, lile lisilo na maneno `recovery mode`.

Hakuna jaribio jingine litakalokuambia mengi kwa sekunde chache kama hili. Ikiwaka, basi diski ni nzima, GRUB ni nzima, na mfumo wako ni mzima. Ubovu uko kwenye vitu vya kerneli mpya pekee: faili lake, initramfs yake au moduli zake (draiva zinazopakiwa pembeni). Tena unaweza kuvirekebisha ukiwa umekaa ndani ya mfumo wako mwenyewe. Ikikataa nayo, basi usiendelee kuilaumu kerneli. Tafuta kingine kilichobadilika siku ileile: GRUB, mipangilio ya fimwea, `/etc/fstab` (orodha ya diski za kufungua), au diski inayoanza kuchoka.

Arch haina kinga hiyo. Pacman, kisakinishi chake, huiondoa kerneli ya zamani anapoweka mpya, na ndiyo sababu watumiaji wake wazoefu husakinisha `linux-lts` pembeni hata kama hawaitumii.

## Ondoa nembo, uone maandishi

Nembo inayozunguka haikusaidii chochote. Kwenye menyu ya GRUB simama juu ya kerneli inayosumbua, bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na `linux`, ufute maneno `quiet` na `splash` (kwenye Fedora ni `rhgb` na `quiet`), kisha bonyeza `Ctrl+X` au `F10`. Badiliko hili ni la kuwasha mara hii moja tu. Kumbuka kwamba GRUB kwa kawaida huisoma kibodi kwa mpangilio wa Marekani, hivyo alama kama `=` na `/` huenda zisiwe pale ulipozizoea.

Maandishi yakisimama, yapige picha kwa simu. Mashine iliyoanguka kabla ya kufungua diski haikuwa na pa kuandikia kumbukumbu, na baadaye `journalctl`, amri ya kusoma kumbukumbu hizo, haitakuwa na lolote la kukuonyesha. Katika picha hiyo usihangaike na mstari wa mwisho. Tafuta mstari wa `Kernel panic - not syncing`, kisha soma mistari mitano sita iliyo juu yake. Sababu hutajwa huko.

## "VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)"

Huu ndio ujumbe maarufu kuliko yote baada ya sasisho, na pia ndio rahisi kutibu. Namba za mwisho zina maana. `(0,0)` ni kerneli ikisema haioni diski yoyote ya kufungua. Karibu kila mara ni kwa sababu initramfs haikupakiwa, kwa hiyo haina draiva. Ukiona namba nyingine, mfano `(8,2)`, hiyo ni `/dev/sda2`: diski imeonekana, lakini mfumo wa mafaili uliomo haukusomeka. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, ingawa ujumbe ni mmoja.

Kwa `(0,0)`, ingia kwa kerneli ya zamani uangalie:

```
df -h /boot
ls -lh /boot
```

Kila `vmlinuz` lazima iwe na mwenzake wa toleo lilelile: `initrd.img` kwenye Debian na Ubuntu, `initramfs` kwenye Fedora. Ikiwa mwenzake wa toleo jipya hayupo, ana baiti 0, au ni mdogo mno kuliko wale wa zamani, umeshampata mkosaji.

Chanzo kikubwa ni `/boot` kujaa. Hutokea zaidi kwa waliosimba diski yao yote wakati wa kusakinisha, kwa kuwa hapo `/boot` hutengwa kwenye patisheni yake ndogo. Kerneli mpya huwekwa kabla ya ile ya zamani kuondolewa, nafasi inaisha initrd (jina jingine la initramfs) ikiwa katikati ya kuandikwa, na onyo linapita kwenye terminali ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama. Chanzo cha pili ni mashine kuzimika sasisho likiendelea. Betri ikifa wakati apt, kisakinishi cha Debian na Ubuntu, yuko kazini, mambo huishia hapahapa.

Tiba kwenye Debian na Ubuntu (andika namba halisi za matoleo badala ya TOLEO-KUUKUU na TOLEO-JIPYA):

```
uname -r
dpkg -l 'linux-image-*' | grep '^ii'
sudo apt purge linux-image-TOLEO-KUUKUU
sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install
sudo update-initramfs -c -k TOLEO-JIPYA
sudo update-grub
```

Amri ya kwanza ni ya lazima. Toleo linalotajwa na `uname -r` ndilo linalokubeba sasa hivi, usiliguse. Futa lililo kuukuu zaidi. Wakati mwingine apt hukataa kufuta chochote kwa kuwa vifurushi vimekwama nusu, na hukataa kuvimalizia kwa kuwa hakuna nafasi. Hapo mruke, utumie dpkg, chombo kilicho chini yake, moja kwa moja, ukitaja kerneli pamoja na kifurushi chake cha ziada kama kipo:

```
sudo dpkg --purge linux-image-TOLEO-KUUKUU linux-modules-extra-TOLEO-KUUKUU
```

Watu hushauriana kufuta mafaili ya `/boot` kwa `rm`. Nafasi itapatikana, ndiyo, lakini kidhibiti cha vifurushi bado kitaamini kerneli ile ipo, na huenda kikajaribu kuiundia initrd tena. Labda kama umeshikwa kabisa koo. Vinginevyo pitia dpkg.

Kwenye Fedora kazi ya kujenga initramfs hufanywa na dracut:

```
sudo dracut --force --kver TOLEO-JIPYA
```

Kuna sura nyingine ya ujumbe huuhuu. Ikiwa kabla ya panic GRUB iliandika `error: out of memory`, initrd ipo na ni nzima, ila ni kubwa mno kwa GRUB kuibeba. Fungua `/etc/initramfs-tools/initramfs.conf`, badilisha `MODULES=most` iwe `MODULES=dep`, kisha endesha `sudo update-initramfs -u -k all`. Gharama yake ni kwamba initrd hiyo sasa inabeba draiva za mashine hii tu. Siku ukihamishia diski kwenye kompyuta nyingine, itegemee kugoma.

## Umeangukia kwenye `(initramfs)`

Hapa kerneli imeamka na initramfs imefunguka, ila diski ya mfumo haikupatikana. Debian na Ubuntu huandika `ALERT! UUID=... does not exist. Dropping to a shell!` na kukuachia BusyBox, terminali ndogo ya dharura. Fedora hukaa kwanza ikirudia `dracut-initqueue timeout`, kisha hukupa `dracut:/#` na kukuelekeza kwenye `/run/initramfs/rdsosreport.txt`. Arch husema `device ... not found` na kukuacha kwenye `[rootfs ]#`.

Usiogope mazingira haya machache. Amri tatu zinatosha kuanzia:

```
cat /proc/cmdline
blkid
ls /dev/sd* /dev/nvme*
```

Ya kwanza inaonyesha GRUB iliagiza diski ipi kwenye `root=`. Mbili zilizobaki zinaonyesha zilizopo. Linganisha.

Kama diski haipo kabisa, jiulize kerneli ya zamani ilikuwa ikiiona au la. Ikiwa ilikuwa ikiiona, initramfs mpya imekosa draiva: rudi kwa kerneli ya zamani uijenge upya kama hapo juu. Ikiwa hata ya zamani haioni, ingia kwenye mipangilio ya fimwea. Sasisho la fimwea, ambalo siku hizi huja pamoja na masasisho mengine, linaweza kurudisha mipangilio ya kiwandani na kuihamisha diski kutoka AHCI kwenda RAID, au kuwasha Intel VMD, kidhibiti kinachokaa mbele ya diski za NVMe. Draiva ya VMD isipokuwemo ndani ya initramfs, NVMe iliyo nyuma yake haionekani. Rudisha ilivyokuwa.

Fedora inastahili neno la ziada. Dracut yake huijenga initramfs kwa ajili ya mashine uliyo nayo tu, na kuacha draiva zisizohitajika. Ndiyo maana kwenye menyu kuna mstari wenye neno `rescue`, ambao initramfs yake ina draiva za kila namna. Ikiwa huo unawaka na mingine haiwaki, jibu unalo: ujenge upya kwa `sudo dracut --force --no-hostonly --kver TOLEO-JIPYA`.

Kama diski ipo lakini UUID (kitambulisho cha patisheni) ni nyingine, kuna aliyeiumba upya patisheni au kunakili diski, na GRUB bado inamtafuta marehemu. `sudo update-grub` ikiendeshwa ndani ya mfumo humaliza neno.

Kama diski ipo na UUID inayotafutwa ni ya LVM (mfumo wa kugawa diski kwa programu) au ya diski iliyosimbwa, huenda haijafunguliwa tu. Jaribu:

```
lvm vgchange -ay
exit
```

Ikiendelea kuwaka baada ya `exit`, vifaa vya LVM vimo ila havikuamshwa kwa wakati, na mara nyingi dawa ni kuongeza `rootdelay=10` kwenye mstari wa `linux`, hasa kwa diski za USB. Diski iliyosimbwa ambayo haikuomba nenosiri kabisa ni ishara kwamba kifurushi cha `cryptsetup-initramfs` hakipo, au `/etc/crypttab` haina mstari wake.

Na kama ujumbe ni `UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY`, shukuru: endesha `fsck -y` kwa patisheni iliyotajwa, kisha `exit`. Huu hautokani na kerneli, ni mfumo wa mafaili uliozimwa vibaya. Ukijirudia wiki baada ya wiki, hiyo diski inakuaga.

## Arch: kerneli moja, moduli za nyingine

Mashine inaanza kuwaka, kisha inalalamika `unknown filesystem type 'vfat'`, kibodi au mtandao haufanyi kazi. Ulisasisha wakati `/boot` haijafunguliwa. Kerneli mpya iliandikwa kwenye folda tupu ya `/boot` ndani ya mfumo, huku GRUB ikiendelea kuwasha ile ya zamani iliyo kwenye patisheni halisi. Moduli za ile ya zamani zimeshafutwa. Linganisha `uname -r` na `ls /usr/lib/modules`, utaona hazifanani. Washa kwa flashi ya Arch, fungua patisheni zote mbili, ingia kwa `arch-chroot`, kisha `pacman -S linux`.

## `grub>` na `grub rescue>`

Ukifika hapa na menyu haikutokea, kerneli bado haijaguswa na mtu. GRUB imepoteza folda yake. Andika `ls` upate orodha ya patisheni, kisha zipekue moja moja, mfano `ls (hd0,gpt2)/boot/grub`, mpaka mafaili yatokee. Halafu:

```
set root=(hd0,gpt2)
set prefix=(hd0,gpt2)/boot/grub
insmod normal
normal
```

Ikiwa `/boot` ni patisheni yake yenyewe, njia ni `/grub` tu bila `/boot`. Fedora hutumia `grub2`. Menyu ikirudi na mfumo ukawaka, isakinishe GRUB upya ili kesho usiandike hayo tena. Kwa BIOS ni `sudo grub-install /dev/sda`, ukitaja diski nzima bila namba ya patisheni.

Ujumbe wa `symbol 'grub_calloc' not found` una historia yake. Julai 2020 ilitangazwa kasoro ya usalama ya GRUB iliyopewa jina la BootHole, na masasisho yakatolewa kwa haraka. Kwenye mashine za BIOS zenye diski zaidi ya moja, moduli mpya ziliandikwa ndani ya mfumo huku kipande cha mwanzo cha GRUB kikibaki cha zamani, kwa sababu kilikuwa kimesajiliwa kwenye diski isiyo sahihi. Nusu mbili zisizofahamiana. Kwenye Debian na Ubuntu, `sudo dpkg-reconfigure grub-pc` hukuuliza diski ipi. Chagua ile fimwea inayoanzia.

## Secure Boot inakataa

`bad shim signature`, ukifuatiwa na `you need to load the kernel first`, ni kukataliwa kwa sahihi na Secure Boot, kinga ya fimwea inayowasha tu programu zenye sahihi inayotambulika. Kerneli uliyoweka haijatiwa sahihi na ufunguo unaotambuliwa na mashine. Kerneli za hazina rasmi za usambazaji wako zina sahihi. Zile unazopakua pembeni ili upate toleo jipya zaidi, au unazozijenga mwenyewe, hazina. Ama rudi kwa za rasmi, ama zime Secure Boot kwenye fimwea, ama tia sahihi yako mwenyewe kwa ufunguo ulioandikishwa kwa `mokutil --import`. Kwa mtu ambaye hana sababu maalumu, la kwanza linatosha.

Ukiona `SBAT self-check failed: Security Policy Violation`, usiitafute kerneli kabisa. Agosti 2024 sasisho la Windows lilipiga marufuku matoleo ya zamani ya shim, programu ndogo inayopakiwa kabla ya GRUB, na kompyuta nyingi zenye Windows na Linux pamoja zikafungiwa upande wa Linux. Zima Secure Boot, ingia Linux, endesha `sudo mokutil --set-sbat-policy delete`, sasisha shim, washa upya uingie Linux tena, na ndipo uirudishe Secure Boot.

## Skrini nyeusi, lakini mashine iko hai

Bonyeza `Caps Lock`. Taa yake ikiitika, kerneli iko kazini. Jaribu `Ctrl+Alt+F3`, au ingia kwa ssh kutoka mashine nyingine. Ukipata mahali pa kuandika jina, tatizo lako ni la michoro tu, na mwenye kadi ya NVIDIA anaweza kuacha kubahatisha.

Draiva ya NVIDIA haimo ndani ya kerneli. Ni moduli inayojengwa upya kwa kila kerneli, na DKMS ndiye fundi wake. Ujenzi ukishindikana, huenda sasisho likasonga mbele, nawe unakuja kuligundua baada ya kuwasha upya. Tazama:

```
dkms status
```

Toleo jipya la kerneli lisipotajwa kuwa `installed`, hakuna moduli. Sababu ya kwanza ni kukosekana kwa vifurushi vya `linux-headers`. Hapa kuna mtego. Kila mahali utaambiwa uandike `linux-headers-$(uname -r)`, lakini ukiwa umeingia kwa kerneli ya zamani amri hiyo itakuletea za zamani, ambazo tayari unazo, na utashangaa mbona hakuna kilichobadilika. Taja toleo jipya kwa mkono wako:

```
sudo apt install linux-headers-TOLEO-JIPYA
sudo dkms autoinstall -k TOLEO-JIPYA
```

Ikishindikana tena, soma `make.log` iliyo chini ya `/var/lib/dkms/nvidia/`. Makosa ya lugha ya C yakimwagika humo, draiva yako ni kuukuu kuliko kerneli. Kadi za zamani zinazohitaji mfululizo wa 390 ziko kwenye hali hiyo, kwani NVIDIA iliacha kuuhudumia mwishoni mwa 2022. Kwa kadi hizo ama hamia draiva huru ya nouveau, ama baki na kerneli ya muda mrefu.

Moduli ikiwepo na bado giza, angalia `sudo dmesg | grep -i nvidia`, kisha jaribu `sudo modprobe nvidia`. Jibu la `Key was rejected by service` maana yake Secure Boot inaikataa moduli isiyo na sahihi. Andikisha ufunguo wa mashine. Ubuntu huuweka `/var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`:

```
sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der
```

Utaombwa nenosiri la muda, na ukiwasha upya skrini ya bluu itakuuliza uliandike tena. Watu huipita skrini hiyo wakidhani ni hitilafu, kumbe ndiyo yenyewe.

Fedora yenye draiva za RPM Fusion hutumia akmods, ambaye huanza kujenga kimyakimya baada ya dnf kumaliza. Ukiwasha upya mara dnf anaponyamaza, unamkatiza. Mpe dakika chache, au mlazimishe: `sudo akmods --force --kernels TOLEO-JIPYA`.

Ikiwa hata `Ctrl+Alt+F3` haiitiki, ongeza `nomodeset` kwenye mstari wa `linux` kule GRUB. Itakupa skrini ya kazi, si ya kukaa nayo.

## "You are in emergency mode"

Ikitanguliwa na `A start job is running for...` inayohesabu hadi dakika moja na nusu, systemd anasubiri diski iliyoandikwa kwenye `/etc/fstab` ambayo haiji. Huenda uliichomoa mwezi uliopita, na sasisho ndilo lililokufanya uwashe upya kwa mara ya kwanza tangu hapo. Ingia kwa nenosiri la root, endesha `systemctl --failed`, kisha ufute mstari huo au uuongezee `nofail`. Mafaili yakikataa kuhaririwa: `mount -o remount,rw /`.

## Pale kerneli ilipokosea kweli

Hutokea. Mwaka 2022 toleo la 5.19.12 lilizifanya skrini za baadhi ya kompyuta mpakato zenye michoro ya Intel kumweka nyeupe, kiasi cha kuhofiwa kuziharibu, na 5.19.13 ikatolewa kuondoa kasoro hiyo. Desemba 2023 toleo la 6.1.64 lilikuwa na hitilafu inayoweza kuharibu data kwenye ext4. Debian walisimamisha kutoa 12.3 na wakaenda moja kwa moja 12.4.

Dalili ni kwamba initramfs ni nzima, moduli zimejengwa, kerneli ya zamani inawaka vizuri, na mpya inaanguka kila mara kwenye mstari uleule, ukitaja jina la draiva. Kama ilifika mbali kiasi cha kuandika kumbukumbu, kwa vile sasa umeingia kwa ya zamani, `journalctl -k -b -1` itakuonyesha. Hapo hakuna cha kurekebisha kwako. Ripoti, ukae kwenye ile ya zamani. Fedora: `sudo grubby --set-default /boot/vmlinuz-TOLEO`. Ubuntu: `sudo apt-mark hold linux-image-generic linux-headers-generic`. Andika mahali tarehe ya kuuondoa mshiko huo, kwani hadi hapo unakosa pia marekebisho ya usalama.

## Hakuna kerneli hata moja inayowaka

Washa kwa flashi ya usambazaji uleule, kwa hali ileile (UEFI kwa UEFI), uingie ndani ya mfumo wako kutoka nje:

```
sudo mount /dev/nvme0n1p2 /mnt
sudo mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/boot/efi
for d in dev dev/pts proc sys run; do sudo mount --bind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt
update-initramfs -u -k all
update-grub
```

Badilisha namba za patisheni kwa kutazama `lsblk -f`. `/boot` iliyotengwa ifunguliwe kabla ya `/boot/efi`. Fedora yenye btrfs huhitaji `-o subvol=root` kwenye mstari wa kwanza. Kwa diski iliyosimbwa, jina utakalotumia kwenye `cryptsetup open` lifanane herufi kwa herufi na lile la `/etc/crypttab`. Ukiweka jina lolote lililokujia, initramfs itajengwa bila kujua jinsi ya kuifungua diski, nawe utarudi kwenye `(initramfs)` ukidhani chroot haikusaidia.

## Seva iliyo mbali

Kwa mashine ambayo huwezi kuigusa, usiifanye kerneli mpya kuwa ya kudumu mpaka ithibitike. Weka `GRUB_DEFAULT=saved` ndani ya `/etc/default/grub`, ongeza `panic=10` kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX`, endesha `update-grub`, kisha:

```
sudo grub-set-default "1>2"
sudo grub-reboot 0
sudo reboot
```

`"1>2"` ni mstari wa tatu ndani ya menyu ndogo iliyo kwenye mstari wa pili wa menyu kuu, maana GRUB huhesabu kuanzia 0. Hakikisha ndio wa kerneli ya zamani. Kerneli mpya itajaribiwa mara moja, na ikipata panic mashine itajiwasha baada ya sekunde 10 na kurudi kwa ya zamani. Kwenye Debian na Ubuntu `panic=10` hufanya kazi hata ndani ya initramfs: badala ya kukuachia BusyBox isiyo na mtu wa kuiandikia, inawasha upya. Mpango huu hauaminiki ikiwa `/boot/grub` iko juu ya LVM au btrfs, kwa kuwa GRUB haiwezi kuandika `grubenv`, faili linalokumbuka chaguo, huko na itaendelea kujaribu kerneli mbovu bila kukoma. Katika hali hiyo hakikisha una konsoli ya mbali kabla ya kuandika `reboot`.